Maswali Yenu: Masta ya saikolojia, nichukue ipi?

Toka tuandike kuhusu msongo wa mawazo makazini, barua za watu wanaotaka kusoma saikolojia zimekuwa nyingi mpaka nikasema basi, mwezi huu ukurasa wote tuwape wao. Nimechukua nne. Wengine mtaona majibu yenu humohumo maana mmeuliza kitu kilekile, tofauti ni mji tu.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, nipo Mwanza, nina digrii ya kwanza ya saikolojia na nafanya kazi kwenye mradi wa vijana. Nimeomba masta sehemu mbili, moja ni saikolojia tiba pale Muhimbili na nyingine ni ushauri nasaha kwenye chuo binafsi Nairobi, na kote naona kama nitapata. Sasa binamu yangu yuko Texas ananiambia niachane na zote niende huko nikasome udaktari wa saikolojia (wa ngazi ya PhD) moja kwa moja, eti huko ndio kuna saikolojia yenyewe. Baba naye anasema nitafute chuo chenye jina kubwa ndio nitapata kazi. Nisaidie Anti, muda wa kujibu unaisha. – Njia Panda, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Majina ya vyuo yaweke pembeni kwanza, tutayarudia. Barua yako ni ndefu (nimeikata sana, samahani) na umenieleza ada, umenieleza hosteli, umenieleza mpaka baridi ya Nairobi, ila hujaniambia hata mara moja ukishamaliza unataka kufanya kazi gani. Yaani siku ya kawaida tu, Jumanne saa nne asubuhi, umekaa wapi na mbele yako kuna nani?

Nauliza hivyo kwa sababu kama unajiona uko wodini Bugando, umekaa na kijana anayesikia sauti, ndugu zake wamemleta baada ya kuzunguka kwa waganga mwaka mzima, na pembeni yako kuna daktari wa akili anasubiri umwambie vipimo vyako vimeonyesha nini, basi hiyo ni saikolojia tiba na hakuna masta nyingine itakayokupeleka pale vizuri. Kama unajiona kwenye chumba chenye viti viwili, anaingia mama aliyefiwa, anatoka, anaingia mwanafunzi aliyefeli, wanaingia wanandoa ambao hawasemeshani, huo ni ushauri nasaha. Na kama ukiwa mkweli unachokipenda ni hicho unachofanya sasa, mradi, vijana, dodoso, kujua kwa nini watu wanaambiwa jambo na hawalifanyi, basi kuna masta ya saikolojia jamii pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo hata hukuitaja, na nashangaa kidogo kwa nini hukuitaja maana mtu aliye kwenye miradi ndiyo inamfaa kabisa. Mipaka ya hizi kozi siyo ukuta, mshauri nasaha atakutana na mgonjwa mzito tu apende asipende, ila mafunzo yanatofautiana na waajiri wanaangalia.

La pili ni leseni. Hapa watu wengi wanaingia mkenge. Kenya wana Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ambayo iliunda bodi ya kusajili watu wa kazi hii, kwa hiyo ukitaka kubaki Nairobi ukafungua ofisi, swali la kwanza kwa chuo ni kama wahitimu wa kozi hiyo wanasajiliwa na bodi bila usumbufu. Ukitaka kurudi Mwanza, cheti cha nje kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa, hilo uliulize sasa hivi kabla hujalipa hata senti, sio baada ya joho. Na usimuulize ofisa wa admisheni peke yake, yule kazi yake ni kujaza madarasa. Tafuta wahitimu watatu wa miaka ya karibuni, LinkedIn wapo, uwaulize wanafanya kazi wapi na barua ya ajira imewaandika cheo gani. Kama wote watatu wamerudi kuwa maofisa miradi kama ulivyo wewe leo, umeshapata jibu bila kulipia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi ningelipa uzito kuliko yote, fildi na anayekusimamia ukiwa fildi. Saikolojia huisomi ukaijua kwa noti. Unaijua kwa kukaa na mtu, kukosea kidogo, halafu kuna mtu mzoefu anakuuliza mbona alipotaja baba yake wewe ulibadilisha mada. Bila huyo mtu unaweza kuona wateja mia na usijifunze lolote. Kwa hiyo ulizia kwa undani, masaa mangapi na wateja, hospitali gani, msimamizi ni mwanasaikolojia au ni yeyote aliyepatikana siku hiyo, anakaa na wewe chumbani au anasikiliza rekodi, mnakutana kila wiki au anasaini logibuku, yaani daftari lako la fildi, lote kwa mkupuo siku ya mwisho? Hilo la kusaini kwa mkupuo lipo sana na wanafunzi wanalifurahia maana linarahisisha maisha, mpaka siku wanapokuwa peke yao na mtu anayesema anataka kujiua.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ambao naupenda sana kwa sababu ulifanyika kwetu, Moshi huku na Bungoma kule Kenya. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, umri miaka 7 mpaka 13, wenye dalili za kiwewe. Waliowapa tiba hawakuwa na digrii za saikolojia, ni watu wa kawaida tu wa maeneo yale waliofundishwa tiba moja maalumu, wakafuata hatua zake kwenye vikundi, na muda wote wakawa wanasimamiwa. Kwenye maeneo matatu kati ya manne ya utafiti ule, watoto wao walipata nafuu kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Ukisoma kitu kama hicho unajiuliza, sasa kama mtu wa kijijini aliyefundishwa vizuri anaweza, mimi mwenye masta kazi yangu itakuwa nini? Kazi yako itakuwa ni kumsimamia huyo. Nchi zetu wanasaikolojia ni wachache mno, ukimaliza tu hata kama hujajiona mkubwa utakabidhiwa watu kumi wa kuwaongoza, na kozi nyingi hazifundishi kabisa namna ya kumsimamia mwenzako. Yenye somo hilo, au hata inayokupa mwaka wa pili ukae na wa mwaka wa kwanza mkijadili kesi, mimi naipa alama nyingi kuliko jina.

Ndio maana kwa hali yako mimi naegemea Muhimbili, kama kweli jibu la lile swali langu la Jumanne ni hospitali. Chuo na hospitali viko pamoja, masta ni ya miaka miwili, wagonjwa unaowaona ni walewale utakaokuja kuwahudumia, wanaongea lugha uliyozaliwa nayo, na madaktari utakaojuana nao ndio watakuja kukupigia simu baadaye. Ulizia kama kuna nafasi ya kupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma, pale kuna na Isanga wanakowekwa wagonjwa waliofikia kwenye mikono ya sheria, wiki chache pale zinafundisha kuliko muhula mzima. Lakini kama jibu lako ni chumba chenye viti viwili, basi nenda Nairobi kwa roho safi, Kenya wametutangulia kwenye ushauri nasaha, vyuo kama USIU na Daystar vimefundisha hiyo kozi muda mrefu na soko la huduma binafsi ni kubwa. Ila piga hesabu ya pesa yote siyo ada tu, kodi, matatu, bima, usajili, na tasnifu. Tasnifu hasa. Kozi ya miaka miwili inageuka minne kwa sababu ya tasnifu na hakuna anayekwambia, waulize wale wahitimu watatu walimaliza lini kikweli. Ukisoma Nairobi ukataka kukusanya data Mwanza jiandae na foleni za vibali vya maadili pande mbili, afadhali uchague mada ambayo data yake iko karibu na unapolala.

Binamu wa Texas msalimie. Hajadanganya, Marekani mtu anaingia udaktari wa saikolojia akiwa na digrii ya kwanza tu, ila ni miaka mitano kwenda juu, na aina mbili za huo udaktari zina habari tofauti kabisa za pesa, soma jibu la kaka wa Louisville hapo chini. Na leseni ya Texas ni ya Texas.

Na kwa kuwa najua lazima mtu atakutajia Chevening, hebu niliseme hapa ili na wengine walisikie. Ni skolashipu nzuri, inakulipia masta ya mwaka mmoja Uingereza, inataka uwe na uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Lakini ile masta ya mwaka mmoja hata kama imeandikwa saikolojia tiba kwa herufi kubwa, kule Uingereza kwenyewe haikufanyi kuwa mwanasaikolojia tiba. Kwao cheo hicho kinalindwa na sheria, lazima usajiliwe na chombo chao kinaitwa HCPC, na njia ya kawaida ni udaktari wa saikolojia tiba wa miaka mitatu ambao wanafunzi wao wanalipwa mshahara na NHS, huduma ya afya ya taifa lao, wakiwa wanasoma, na kugombania nafasi zile ni vita. Hiyo ya mwaka mmoja mara nyingi ni nadharia na utafiti, mgonjwa humgusi. Kama unataka utafiti, safi, nenda. Kama unataka wodi, utarudi na cheti kizuri na mikono mitupu.

Baba mwambie shikamoo yake imefika, na kwamba kwenye kazi hii watu wanauliza umewahi kumhudumia nani na chini ya nani. Jina la chuo linafungua mlango wa intavyuu, ukishaingia ndani unabaki mwenyewe.

SWALI: Salamu sana Mama. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Louisville, Kentucky, baba wa watoto wawili. Niko natumika kama mkalimani kwenye hospitali na mashule, kila siku nasikia shida za watu wetu, zingine zinanifuata mpaka usiku. Nimemaliza digrii ya saikolojia hapa. Profesa mmoja alisema niombe PhD, mwingine akasema PsyD, na rafiki yangu anasema hizo zote ni kupoteza miaka, nichukue masta ya kaunselingi niende kazini. Tofauti yao ni nini, na kwa mtu mwenye familia ipi inafaa? – Mkalimani, Louisville

JIBU: Karibu sana kaka yangu, na hongera, kusoma na watoto wawili na kazi ya zamu si mchezo.

Kuelewa huo mkanganyiko inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1949 wanasaikolojia wa Marekani walikutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba awe mwanasayansi na mtabibu kwa pamoja, afanye utafiti na atibu, hiyo ndiyo PhD mpaka leo. Baadaye wengine wakaona wanafunzi wao wengi hawataki kabisa utafiti, wanataka kutibu, Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha PsyD mwaka 1968 na mkutano wa Vail mwaka 1973 ukaibariki. Kwa hiyo maprofesa wako wawili kila mmoja anakuvutia upande wake, wote wako sahihi kwa mtu fulani, swali ni kama mtu huyo ni wewe.

PhD unaomba kwa mtu kuliko kwa chuo. Unatafuta profesa ambaye utafiti wake ndio unaoutaka, unamwandikia kabla, na mara nyingi anachukua mwanafunzi mmoja tu au wawili kwa mwaka, miaka mingine hachukui kabisa. Uzuri wake programu nyingi nzuri za PhD zinakufutia ada na kukupa posho ya kuishi kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Posho yenyewe ni ndogo, ukiwa kijana peke yako unajibana, ukiwa na watoto wawili unajibana mara nne. PsyD inachukua darasa kubwa zaidi, masaa mengi ya tiba, tasnifu nyepesi, na kwa kawaida unajilipia, watu wanatoka na deni la kutisha, hilo nakuomba uliangalie kwa kalamu na karatasi ukiwa na mama watoto mezani. Zote mbili hakikisha zina ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, zisipokuwa nayo milango mingi inafungwa. Na zote mwishoni zina mwaka mzima wa intaniship ambao unapangiwa kwa mfumo wa nchi nzima, unaweza kuambiwa nenda Oregon, watoto wahame shule. Halafu mtihani wa leseni unaoitwa EPPP, maswali 225. Halafu ndio leseni.

Masta ya kaunselingi kwa sasa ni krediti 60, karibu miaka miwili na nusu au mitatu ukiwa unafanya kazi, programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua kozi za kaunselingi, zinakudai masaa 100 ya mazoezi ya mwanzo na 600 ya intaniship. Ukimaliza hujawa huru bado, unafanya kazi chini ya msimamizi miaka kadhaa ukihesabu masaa, lakini hapo unalipwa mshahara, hiyo ndiyo tofauti kubwa kwa mwenye familia. Na usisahau masta ya ustawi wa jamii, MSW, watu wetu wanaidharau wakidhani ni kazi ya kujaza fomu za msaada, kumbe kwa leseni yake ya juu mtu anafanya tiba kamili na bima zinamlipa, na anaweza kuhamia shule, hospitali, shirika la wakimbizi, kokote. Kitu kimoja tu, kule neno mwanasaikolojia kwa kawaida ni la wenye udaktari, ukiwa na masta utaitwa mshauri au mtaalamu wa tiba. Kama cheo kinakuuma lijue mapema.

Rafiki yako namuunga mkono lakini sio kwa sababu aliyoitoa yeye, PhD haipotezi miaka ya mtu anayetaka utafiti. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Kivu, kwenu, wanawake waliobakwa vitani wakapewa tiba ya kiwewe kwenye vikundi na wasaidizi wa kijamii wa Kikongo, na matokeo yalikuwa makubwa, sehemu kubwa ya wale wamama dalili zilishuka sana kuliko waliopata msaada wa kawaida mmojammoja. Mimi natamani kuona watu wa Bukavu na Goma wakiongoza kazi za namna ile kuanzia swali la kwanza, na kwa hilo PhD inahitajika. Ukisoma mambo hayo damu ikachemka, basi zungumza na familia, jibaneni, omba. Lakini barua yako yote umeandika kuhusu watu, hukuandika kuhusu swali hata moja unalotaka kulichunguza, kwa hiyo mimi nasoma moyo wako uko kwenye chumba cha tiba.

Sasa yale ambayo washauri wa chuo hawatakwambia. La kwanza, ukiingia programu yoyote na Kiswahili chako, watakufurahia sana, na ndani ya mwezi utakuta unaitwa kutafsiria wenzako bure badala ya kuona wateja wako mwenyewe. Kabla hujasaini uliza, nitapata wateja wa Kiswahili kama mtabibu na siyo kama mkalimani? Na tukikaa saa nzima kwa Kiswahili, msimamizi wangu asiyejua neno atanisimamiaje? Programu iliyowahi kulifikiria itakujibu papo hapo, itakwambia kuna rekodi, kuna kutafsiri vipande, kuna msimamizi wa pili. Ambayo haijawahi utawaona wanaangaliana.

La pili, jamii yetu huko ni ndogo. Unayemtibu Jumatatu ndiye mnaimba naye kwaya Jumapili, mkewe na mke wako ni marafiki, na maadili ya kazi hayaruhusu umtibu mtu mnaekula naye. Hili kwa Mmarekani wa mji mkubwa ni suala la kitabuni, kwako litakuwa la kila wiki, ukikuta mwalimu kwenye intavyuu anayelijua vizuri, labda ametoka mji mdogo au jamii ndogo, mshike.

GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, usiogope, programu nyingi zimeuacha, angalia tovuti ya kila moja. Na hizo shida za watu zinazokufuata usiku, usisubiri masta ndio uzitafutie mtu wa kuongea naye.

SWALI: Habari Anti. Mimi ni nesi Mombasa, miaka kumi na zaidi kazini. Nimeona tangazo la WhatsApp la masta ya saikolojia onlaini, chuo cha ng'ambo, mwaka mmoja, unalipa kwa awamu, hakuna atachmenti, na wanasema inatambulika dunia nzima. Rafiki zangu wawili washalipa. Niingie? – Nesi wa Likoni

JIBU: Usiingie dadangu, au tuseme usilipe mpaka wajibu mambo mawili kwa maandishi, jina la chombo kilichowapa ithibati katika nchi yao, na jinsi mhitimu wao anavyosajiliwa na bodi ya Kenya. Kitu cha kutambulika dunia nzima kwenye fani hii hakipo, kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo aliyeandika tangazo ama haijui kazi ama anaijua sana.

Onlaini yenyewe sina ugomvi nayo, takwimu na nadharia unaweza kusoma usiku baada ya zamu tena vizuri tu. Kilichonishtua ni hilo la hakuna atachmenti ambalo wao wanaliuza kama raha.

Halafu wewe ni nesi, mbona unaruka ulipo? Pana stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kitengo cha wagonjwa wa akili hapo Port Reitz unakijua, ukipita njia hiyo unabaki na leseni yako, unapanda daraja, na baadaye ukitaka masta ya saikolojia tiba Chuo Kikuu cha Nairobi unaingia ukiwa umeshazoea wodi wakati wenzako wengine hawajawahi kumuona mgonjwa mwenye mania, yaani aliyechangamka kupita kiasi kwa ugonjwa. Hao rafiki zako wawili kama mkataba una kipengele cha kurudishiwa pesa, wausome leo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi mzee wa Unguja, binti yangu kamaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi na kafaulu, anataka kuwa daktari wa akili. Mara asema saikolojia mara asema udaktari, mie naona vitu viwili tafauti na yeye mwenyewe hajui. Mamake hataki, asema atakuja kuchekwa kafanya kazi Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tumwambieje? – Mzazi, Ng'ambo

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Umeona sawasawa, ni vitu viwili. Daktari wa akili ni daktari kamili kwanza, miaka mitano ya udaktari, mwaka wa intani, ndipo anarudi chuoni kwa miaka mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya akili, yeye ndiye anaandika dawa na kulaza mgonjwa. Mwanasaikolojia tiba anasoma digrii ya kwanza miaka mitatu na masta miwili, dawa haandiki, kazi yake ni vipimo na tiba ya mazungumzo. Wanafanya kazi pamoja na wote wana maana, ila yule wa kwanza ajira yake serikalini iko wazi zaidi na mlango wake unafunguka sasa hivi tu, wakati alama za Biolojia na Kemia bado za moto. Wa pili mlango haufungi. Daktari anaweza baadaye kusomea tiba ya mazungumzo, lakini mwanasaikolojia akitaka kuwa daktari anaanza upya na umri umekwenda.

Kwa hiyo mie ningemwambia kama afya na alama zinaruhusu, aombe udaktari chaguo la kwanza na saikolojia la pili, dirisha la maombi likifunguliwa asichelewe. Kabla ya hapo mpelekeni akaongee na watu wa Kidongo Chekundu wenyewe, aombe ruhusa akae kidogo aone kazi ilivyo, aende na mamake kama atakubali, maana wengi wanaocheka pale ndani hawajaingia.